Mama wa Kichanga Mgonjwa Asiwe Mgeni Wodini: Barua ya Wazi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania

Nakala: Wauguzi Wakuu wa Mkoa wa Lindi na Wilaya ya Kilwa, walimu wa vyuo vya uuguzi na ukunga, waheshimiwa madiwani wa Kilwa.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Kikole, upande wa bara wa Wilaya ya Kilwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wajawazito wa vitongoji vyetu ninawajua kwa majina, najua yupi ana mimba ya kwanza na yupi alishapasuliwa, na mzazi akirudi kutoka hospitali mimi ndiye ninayepiga hodi kwake. Ninyi mnamwona akiwa kando ya kitanda cha mtoto wiki moja, pengine tatu, kisha anatoka getini. Mimi ninaishi naye baada ya hapo, na ninayoyasema hapa nimeyasikia barazani kwake, jioni, watu wengine wakishaondoka.

Barua hii haimshtaki nesi yeyote. Nimewaona manesi wakifanya kazi usiku kucha bila kukaa. Ninaandika kuhusu mpangilio ambao nesi ameukuta, mwalimu wake naye aliukuta, na ambao kila mwaka unatuletea Kikole akina mama waliovunjika kwa namna ambayo haikuwa lazima.

Mpangilio wenyewe ni huu. Mzazi wa mtoto mgonjwa hupewa ruhusa yeye kwanza. Akijifungua kawaida, kesho yake; akipasuliwa, baada ya siku chache. Kuanzia saa hiyo jalada lake limefungwa. Kitanda chake analazwa mwenzake, kwa kuwa wodi ya wazazi imejaa, naye anabaki hospitalini hahesabiwi popote. Mtoto yuko ndani kwenye chumba cha joto, ana mpira wa oksijeni puani na dripu kichwani. Mama yuko nje barazani, juu ya mkeka, na ndoo yake, beseni lake na doti moja ya kanga. Anaitwa kwa saa za maziwa. Akichelewa anagombezwa, akiwahi anaambiwa asubiri. Mshono wake hakuna anayeukagua, presha yake haipimwi, chakula ni cha kujitafutia. Mwenye ndugu mjini ataletewa uji. Mtu wa Kikole ndugu zake wako Kikole.

Kwetu mzazi ana arobaini. Hashiki jembe, hachoti maji. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wenye pilipili manga, na mama yake mzazi au bibi yake halali mbali naye. Hata nyumba isiyo na kitu hujitahidi. Sasa yule mwenye mtoto mahututi, aliyestahili kuangaliwa kuliko wazazi wote wa mwezi ule, ndiye anayeimaliza arobaini yake sakafuni. Naliomba Baraza lilitazame hili kuwa jambo la uuguzi. Likiachwa mikononi mwa mafundi majengo na wahasibu peke yao, litabaki kuwa uhaba wa vitanda miaka yote.

Nasema ni la uuguzi kwa sababu ushahidi upo, na sehemu yake imetoka hapa hapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikuwa moja kati ya hospitali tano zilizoshiriki utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria. Walichukuliwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa gramu 1,000 hadi 1,799. Nusu yao walihudumiwa kama ilivyozoeleka: mtoto chumba chake, mama kwake, na kangaruu, yaani kumfunga mtoto kifuani kwa mama, ianze mtoto akishatulia. Nusu nyingine waliwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, na ili hilo liwezekane vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya wodi ya watoto mahututi. Kwa mpango ule wa zamani mtoto alikuwa akikaa kifuani kama saa moja na nusu kwa siku. Kwa mpango mpya alikaa karibu saa 17. Waliofariki kabla ya kutimiza siku 28 walikuwa asilimia 15.7 kwa mpango wa zamani na asilimia 12 kwa mpango mpya. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana wazi, matokeo yakachapishwa mwaka 2021, na Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba mtoto njiti aanze kangaruu mara tu anapozaliwa.

Hakuna dawa mpya iliyotumika pale, wala mashine ngeni. Huduma yenyewe ya kangaruu ilizaliwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto na vyumba vya joto havikutosha. Daktari Edgar Rey akaamua kutumia kifua cha mama. Kilichoongezwa na utafiti huu ni kumrudisha mama ndani, kumpa mahali pa kulala na kumhesabu kuwa mgonjwa mmoja na mwanawe.

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa nimelisikia mlangoni mwa wodi: ndugu wanaleta vijidudu. Ni hofu ya haki. Lakini katika utafiti huo huo, watoto waliokuwa na mama zao ndani walishukiwa kuwa na maambukizi ya damu kwa uchache kuliko waliotengwa. Mama anayenawa mikono na kumshika mtoto wake peke yake ana hatari ndogo kuliko mikono ya watumishi inayotoka kitanda hiki kwenda kile. Na mama wa Kikole anajua kunawa, mkimwonyesha maji yalipo.

Sasa niwaeleze jambo nililoliona mwenyewe, kwenye hospitali ambayo sitaitaja wala sitataja mkoa wake.

Nilimsindikiza binti wa marehemu dada yangu. Kwetu huyo ni mwanangu. Uchungu ulikuwa mrefu, mtoto alitoka hakulia, wakamfanyia juhudi mpaka akapumua, wakamkimbiza chumba cha watoto wachanga. Binti yangu alipasuliwa, kwa hiyo alianza kutembea akiwa ameshika ukuta. Maziwa ni kila baada ya saa tatu: saa tatu usiku, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi anafungua, mama anaingia, anakamua kwenye kikombe kidogo cha plastiki, nesi anavuta maziwa kwa sirinji mpaka kwenye alama ya mililita tano, anaitoa ile fimbo ya kusukumia, anaifunga sirinji kwenye mpira unaoingia puani mwa mtoto, na mama anaishikilia juu maziwa yateremke yenyewe. Mililita tano ni kijiko kimoja cha chai. Ukiitazama inashuka, unaona kama haishuki.

Usiku wa kwanza nesi alikuwa mmoja na watoto walikuwa wengi. Alimwekea sirinji mkononi akageukia mtoto mwingine aliyekuwa anabadilika rangi. Hakuna aliyemweleza binti yangu kwa nini maziwa hayasukumwi. Saa tisa, kwa usingizi na maumivu, na kwa kuona maziwa yamesimama, alirudisha ile fimbo akasukuma. Mtoto akatapika. Nesi akaja mbio, akamfuta mtoto, akamlaza ubavu, akafoka: "We mama, unataka kumuua mtoto?" Kisha akarudi kwenye kazi yake. Neno lile alilitoa kwa hofu na uchovu, naamini asubuhi alikuwa ameshalisahau.

Asubuhi aliingia nesi mwingine, mtu mzima. Alivuta kiti cha plastiki, akamwambia binti yangu, "Kaa kwanza, mwanangu. Mshono unauma?" Akaushika mkono wake wenye sirinji akaupandisha. "Usawa wa kifua chako hapa, si juu zaidi, ili yashuke polepole. Tumbo lake ni dogo sana, halijazoea. Yakigoma, nishtue, usisukume. Ukiona midomo imekuwa ya bluu, nishtue. Usiogope kuniita." Haikuchukua hata dakika mbili. Hakumwambia maneno matamu wala hakumbembeleza. Alimfundisha kazi ya kumlea mwanawe. Tangu pale binti yangu alizishika zamu zake kama mtu mwenye cheo. Aliweza kusema mtoto kala kiasi gani, kacheua mara ngapi, kakojoa lini. Wodini anayejua hayo ana nafasi yake.

Mtoto alifariki. Alikuwa na degedege zisizoisha, na kwa jinsi alivyozaliwa nadhani wauguzi walijua mapema kwamba safari yake ni fupi. Sisi hatukuambiwa. Tuliambiwa "anaendelea na matibabu" mpaka asubuhi tuliyoambiwa "Mungu kampenda zaidi."

Sisi ni Waislamu, kadari tunaiamini, na hakuna wa kutufundisha kwamba roho ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini wiki kadhaa baadaye, nyumbani Kikole, binti yangu aliniuliza swali lililokuwa likimla tangu siku ile: "Mama, ni yale maziwa niliyoyasukuma?" Sikuweza kumjibu. Sikuwepo wodini saa alipofariki, sikuona jalada, na hakuna aliyekaa naye akamwambia: mtoto wako alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo wake uliumia, degedege zimetokana na hilo, na hukufanya kosa. Kama sababu ilikuwa nyingine, angeambiwa hiyo nyingine. Leo ana mimba tena, na nikimwambia twende kliniki ananiangalia kama mtu anayempeleka mahakamani.

Waheshimiwa, vifo vya watoto wachanga vina vikao vyake vya tathmini. Watumishi hukaa, hujadili chanzo, huandika kilichopungua na nini kirekebishwe. Nauheshimu utaratibu huo. Ninachoomba ni kwamba matokeo ya kikao yafike kwa mtu aliyembeba mtoto huyo miezi tisa. Si lazima iwe barua yenye mhuri. Nesi au daktari aliyemhudumia akae naye, na baba akiwepo na bibi akiwepo, awaeleze kwa Kiswahili cha kawaida nini kilitokea na mimba ijayo ichungwe vipi. Kama familia imeshaondoka, nipigieni mimi au mwenzangu wa kijiji husika, sisi tutapeleka. Mama asiyeelezwa hujipa sababu mwenyewe, na jirani naye humwongezea ya kwake: jicho, mizimu, mke mwenza, uvivu wa kula dawa za kuongeza damu. Ndoa zimevunjika kwa hayo.

Mtaniuliza: maneno kama hayo yanafundishika? Nami nawakumbusha mwaka 2009. Mpango wa kumsaidia mtoto kupumua ulianza Tanzania kwenye hospitali nane, ukitumia mwanasesere wa plastiki, mfuko na kinyago cha hewa. Wakunga walijifunza kwa mikono, wakarudia mpaka mikono ikazoea kufanya kazi yake ndani ya dakika ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 na Dkt. Georgina Msemo na wenzake yalionyesha vifo vya siku ya kwanza ya uhai vimepungua kwa asilimia 47. Mikono ilifundishika kwa kurudia. Kumweleza mzazi habari mbaya nako kuna hatua zake: kutafuta mahali pa kukaa, kuuliza anajua nini mpaka sasa, kusema neno lenyewe bila kuzunguka, kunyamaza alie, kumuuliza kama ameelewa, kurudi tena baadaye kwa sababu mara ya kwanza hasikii yote. Mwanafunzi wa uuguzi anapimwa kwa vitendo jinsi ya kuweka mpira wa puani. Na apimwe kwa vitendo namna ya kumwambia mama kwamba mpira huo umeacha kusaidia. Baraza ndilo lenye mamlaka juu ya viwango vya elimu na leseni za kazi hii. Likitaka jambo hili liwemo kwenye mtihani, litakuwemo.

Kuna mambo madogo ambayo hayahitaji hata mtihani. Baba wa mtoto huzuiwa mlangoni kwa sababu wodi ni ya akina mama. Anasimama kwenye uzio, anatumiwa kununua dawa, anarudi, anasimama tena. Mtoto wake anaweza kufariki hajamwona. Pwani yetu mtoto akizaliwa husomewa adhana sikioni. Ni jambo la dakika moja, kwa sauti ya chini, mikono imeshanawiwa. Nimewahi kumwona baba akiisoma adhana dirishani, akielekeza sauti upande aliodhani kitanda kiko. Mruhusuni aingie. Bibi naye aingie, hasa kwa mama mwenye umri mdogo, kwa sababu bibi ndiye atakayeamua nyumbani kama mtoto ataendelea kufungwa kifuani au atawekwa chini na kupewa maji ya kitunguu. Bibi aliyeoneshwa wodini jinsi kangaruu inavyofungwa, mtoto kama chura, miguu imekunjwa, kichwa kimegeuzwa upande na njia ya hewa iko wazi, atakuwa mwalimu wa kitongoji kizima. Bibi aliyezuiwa getini huja na maoni yake.

Jina pia. Mkononi mwa mtoto kunafungwa plasta iliyoandikwa "mtoto wa" fulani. Ni sawa kwa usalama, watoto wasichanganywe. Lakini wengi hubaki hivyo hata wakifikisha wiki mbili wodini, na jina wanalo. Muulizeni mama. Kama hajampa, msimharakishe. Kwetu wengi husubiri siku ya saba. Kama amempa, liandikeni chini ya lile la mama na mlitumie.

Mtoto akifariki, mwacheni mama ampakate kabla hajafunikwa. Mtoto aliyezaliwa hai hata kwa pumzi chache ana haki za maiti kwetu: anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa na kuzikwa kwa jina lake. Familia itataka kuondoka mapema ili azikwe siku hiyo hiyo, na kila karatasi inayocheleweshwa ni saa inayoliwa barabarani kabla hawajafika Kikole. Wakristo walio kati yetu nao wana yao, na wengine wangetaka mtoto abatizwe akiwa bado hai. Mwulizeni mtu anataka nini. Na mzazi aliyefiwa asilazwe usiku ule kati ya wanaonyonyesha. Maziwa yake yatajaa siku mbili tatu baada ya mazishi, na hakuna anayemwambia afanye nini. Anakuja kwangu kifua kimevimba na homa. Hilo ni la kuambiwa kabla hajatoka: shikilia kifua kwa nguo isiyobana, kamua kidogo tu kupunguza maumivu, ukipata homa nenda zahanati.

Ninayaomba haya nikijua hali ya wauguzi wenyewe. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliokaa kwenye wodi za watoto wachanga jijini Nairobi kuangalia kazi hatua kwa hatua waliona kwamba kadiri watoto wanavyoongezeka kwa kila muuguzi, ndivyo kazi zinazoachwa bila kufanyika zinavyoongezeka. Mtu mwenye mikono miwili hawezi kuwa kwenye vitanda vingi. Huruma inahitaji muda, na muda wa nesi hupatikana kwa kuajiri nesi wa pili. Kwa hiyo barua hii ni ya Serikali pia: nafasi za ajira za wodi hizi zisihesabiwe sawa na wodi ambayo wagonjwa wanajilisha na kujigeuza wenyewe. Na muuguzi aliyezoeshwa kazi ya vichanga asihamishiwe wodi ya wanaume baada ya miezi sita kwa sababu zamu imepungukiwa.

Tena muuguzi naye hufiwa. Mtoto anafariki saa nane usiku, anamfunga, anaandika, anaenda kitanda cha pili. Hakuna anayemuuliza. Mkoani Tanga, kwenye hospitali moja, mradi wa Staha uliwakutanisha watumishi na wananchi wakaandika pamoja mkataba wa huduma, kisha wodi ya wazazi ikajipangia marekebisho yake yenyewe. Walichofanya hakikuwa kikubwa: mapazia, chumba cha faragha cha kupokelea, kuwauliza akina mama wakati wa kutoka wamehudumiwaje, kuzungumza na mtumishi aliyekosea, na chai kwa walio zamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezekano wa mama kutendewa vibaya au kudharauliwa umepungua kwa asilimia 66. Naitaja chai kwa makusudi. Walioandaa mpango ule walijua kwamba mtu anayetakiwa kumheshimu mwenzake saa tisa za usiku anapaswa naye kuwa ameheshimiwa.

Kwa nini nasisitiza vichanga? Kwa sababu ndiko tulikokwama. Kwa takwimu za taifa, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 43 katika ule wa 2022. Ni kazi kubwa, chanjo na vyandarua vimeonekana. Lakini vifo vya mwezi wa kwanza wa maisha vilikuwa 25 na vimekuwa 24. Lengo la dunia ni visizidi 12 ifikapo 2030. Hatutafika huko kwa kuongeza mashine peke yake, wakati mtu wa kuitazama mashine usiku kucha, bila mshahara na bila kuomba likizo, amelala nje barazani.

Njia ya kufika hospitali imekuwa bora. Tangu huduma ya m-mama ilipozinduliwa kitaifa Aprili 2022, tunapiga 115 na gari linatafutwa, la hospitali au la dereva wa kijamii, kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga. Naishukuru. Lakini usafiri huo ni wa dharura. Mama akikaa hospitalini wiki tatu, kurudi ni juu yake. Sheria nayo imesogea: tangu 2025 mfanyakazi aliyejifungua njiti anaongezewa likizo mpaka mtoto atimize wiki 36 kwa hesabu ya umri wa mimba, jambo ambalo mtetezi wa watoto njiti Doris Mollel na wenzake walilipigania muda mrefu. Mkulima wa ufuta wa Kikole hana mwajiri wa kumwongezea likizo. Mvua inanyesha, ndege wako shambani, watoto wengine wamebaki kwa jirani, na mume anamuuliza kwa simu anarudi lini. Akina mama wanaotoroka wodini na watoto kabla ya wakati, ambao mnawaandika kuwa wakaidi, wengi wao wanatoroka kwa hayo. Kumuuliza tu "nyumbani umemwacha nani?" kungewaonesha mapema nani yuko karibu kuondoka.

Na sisi kijijini tuna wajibu wetu, siuruki. Kikole, pamoja na Kisangi, ni vijiji vya mwanzo barani Afrika kupata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa msitu wa asili, mwaka 2009, na mpingo tunaouvuna kwenye msitu wetu unaingiza fedha kwenye serikali ya kijiji. Nimeshapeleka maombi kwamba sehemu ya fedha hizo itengwe kwa ajili ya mama anayekaa na mtoto mgonjwa hospitalini: chakula chake, nauli ya bibi mmoja wa kukaa naye kwa zamu, na gari la kurudi, awe na mtoto au awe na maiti. Wanaume wa kijiji wamelipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini fedha hizo hazitamnunulia ruhusa ya kuingia wodini. Ruhusa hiyo iko kwenu.

Basi ninaomba hivi. Baraza liandike kwenye miongozo yake kwamba mzazi wa kichanga aliyelazwa hatapewa ruhusa kabla ya mwanawe. Jalada lake libaki wazi, akaguliwe mshono na presha kila siku kama mgonjwa mwingine. Halmashauri zikipanga bajeti ya wodi ya watoto wachanga, zihesabu kitanda au hata kiti cha kuegemea cha mama kuwa kifaa cha tiba, pamoja na mtungi wa oksijeni. Vyuo viwalete wanafunzi huku. Ninasema kwa dhati: kila mwanafunzi wa ukunga aliyeko mafunzoni mikoa yetu ya kusini atumwe angalau mara moja kumfuata nyumbani mama aliyemhudumia, aliyerudi na mtoto na aliyerudi bila mtoto, akae naye, amsikilize. Kikole tuna nyumba za kuwalaza na nitawapitisha kwa miguu kitongoji hadi kitongoji.

Barua hii nimemwomba mtendaji wa kijiji aibandike kwenye ubao wa ofisi. Jibu lenu, likija, nitalisoma kwenye mkutano wa kijiji, na nitaanza kumsomea binti yangu kabla ya tarehe yake ya kliniki.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Kikole, Kilwa, Lindi.